Keki ya Kibuyu na Mahali pa Mshono

Leo nina maneno juu ya keki, na si ile ya kuchovya kwenye chai. Naisemea ile inayopewa meza yake peke yake chini ya hema, ikalindwa na shangazi mkali asiyetaka mtoto yeyote asogee, ikapigwa picha kuwashinda hata wenye sherehe. Ukitoka Machakos mjini ukapanda kuja huku Kalama, ukaingia kwenye boma lenye sherehe ya ntheo Jumamosi, meza hiyo siku hizi mara nyingi haina yale maduara meupe matatu yaliyopandana. Ina kibuyu. Kitete kamili, tumbo la mviringo, shingo nyembamba, ushanga umefungwa shingoni. Au ina kyondo, kile kikapu cha mkonge, chenye mistari na mikanda yake. Au chungu, au ngoma. Na vyote ni unga, mayai, sukari na siagi, vikavishwa ngozi ya sukari inayoitwa fondanti.

Wapo wazee wanaonung'unika. Ntheo ni mbuzi, wanasema, sasa keki imeingilia wapi? Nawaelewa. Mbuzi wa ntheo ndio wanaofanya binti wa Kikamba ahesabiwe kuwa ameolewa, na hakuna keki itakayokaa pahali pao. Lakini kwa maoni yangu waokaji wetu wamefanya la busara: wameichukua keki ya kigeni wakailazimisha ivae sura ya vyombo vya nyumbani. Shida ni kwamba vyombo hivyo haviko sawa kwa ugumu. Kibuyu cha fundi mmoja kinatoka laini hata unatamani kukipapasa, na cha mwingine kinatoka na mikunjo kisogoni, mpasuko shingoni na uvimbe ubavuni, ilhali wote wawili walinunua fondanti duka moja pale mjini. Tofauti ilitoka wapi?

Nina jibu, na nitalitetea hadi mwisho wa kipindi. Ulaini unaamuliwa mara mbili: kwanza kabla fondanti haijaguswa, kisha pale fundi anapochagua mshono ukae wapi. Na wengi wanaangukia hapo pa pili, kwa kuwa wameaminishwa kwamba mshono ni aibu.

Tupite kwenye asili kidogo. Keki nyeupe ya harusi tuliletewa na Waingereza, na wao kwa miaka mingi waliipaka sukari ya unga iliyopigwa na ute wa yai, ambayo ikikauka inakuwa ngumu ya kulia chini ya kisu. Ndiyo iliyokuwa kwenye harusi ya Malkia Victoria mwaka 1840, na ndiyo iliyopamba keki ya Elizabeth mwaka 1947, ghorofa nne, urefu wa futi 9. Sukari hiyo husawazishwa kwa kisu kirefu kilichonyooka, kwa hiyo inapenda duara na mraba tu. Kuvisha kibuyu kwa sukari ile ungehitaji subira ya Ayubu, na hata ukifaulu ungekata keki kwa shoka. Fondanti ikabadilisha mambo. Hii inakandwa, inasukumwa kwa kifimbo kile kile cha chapati, inanyanyuliwa ikiwa bapa na kulazwa juu ya keki. Inafuata umbo, na kwa sababu hiyo watu wakaanza kudai maumbo ya kila namna. Televisheni nayo ikachochea. Mwaka 2009 Marekani ilianza kuonyesha kipindi cha Cake Boss, mwaka 2022 kikaja Is It Cake?, ambamo kiatu kinakatwa kwa kisu na kumbe ni keki. Mteja wa huku Kola anaona hayo kwenye simu yake, anakuja kwa fundi mwenye jiko moja na msaidizi ambaye ni mdogo wake wa gredi ya nane, na kumwambia, nataka hivi.

Fondanti yenyewe ni nini? Ni sukari ya unga, ile laini ya aisingi, iliyoshikanishwa na vitu vichache, kila kimoja na kazi yake. Jelatini huipa mvutano isikatike inaponyanyuliwa. Glukosi ya maji huzuia sukari isirudi kuwa chembechembe. Glisarini hushika unyevu ili isikauke upesi. Mafuta ya kuganda huilainisha mikononi. Wengine huongeza unga wa CMC, ambao huifanya iwe ngumu na ikauke ikisimama, na huo ni mzuri kwa mkanda wa kyondo lakini ni balaa ukiuzidisha kwenye ngozi ya kufunikia. Fondanti iliyotengenezwa leo isitumiwe leo. Ilale usiku kucha ndani ya kopo linalobana, kesho yake ikandwe upya.

Sasa tuingie penyewe. Kwa nini karatasi bapa ya sukari inakubali ngoma na inakataa kibuyu?

Mwaka 1827 mwanahisabati Mjerumani, Carl Friedrich Gauss, alithibitisha jambo ambalo kwa lugha ya jikoni linasema hivi: kitu bapa hakiwezi kulala sawasawa juu ya kitu cha mviringo kama mpira bila kunyooshwa mahali au kukunjwa mahali. Menya chungwa, ulitandaze ganda lake mezani. Litapasuka kingo kabla halijalala. Ndiyo maana ramani ya dunia aliyoichora Mercator mwaka 1569 inaionyesha Greenland ikikaribia Afrika kwa ukubwa, na kumbe Afrika inaizidi mara 14 hivi. Mchoraji ramani na mwokaji wa keki wana adui mmoja. Ngoma haina shida hiyo, kwa sababu ubavu wake umepinda upande mmoja tu; ukiuzungushia utepe wa fondanti unakaa bila kunung'unika, na juu unaweka duara. Basi. Ngoma ni kazi ya mwanafunzi.

Kibuyu ni habari nyingine, na hapa naomba penseli. Tuseme umesukuma duara kubwa la fondanti, ukaweka katikati yake kwenye mdomo wa kibuyu ili lishuke pande zote. Ukipima sentimita 10 kutoka katikati ya duara lako, mzingo wa fondanti hapo ni sentimita 63 hivi. Lakini mahali hapo kwenye kibuyu ni shingo, na shingo ina mzingo wa sentimita 15. Zile 48 zilizobaki ziende wapi? Hazina pa kwenda, zinakuwa mikunjo. Fundi mahiri anaweza kuiminya fondanti kwa vidole ikameza ziada kidogo, lakini hakuna vidole duniani vitakavyomeza sentimita 48. Na hapo hapo kuna mtego wa pili. Fondanti ikishuka kutoka mdomoni haigusi shingo kwanza, inaruka moja kwa moja hadi begani na kuning'inia, nyuma yake pakabaki upenyo. Ukiisukuma iingie kwenye upenyo, inavutwa na uzito wake wote wa chini, inapasuka. Ukiiacha, unapata shingo nene kama bega.

Kwa hiyo anayekwambia ufunike kibuyu kwa kipande kimoja anakutuma ukapigane na Gauss. Achana naye.

Lakini kabla hatujashika fondanti kuna kazi ya chini, na hii ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote. Fondanti nzuri ni nyembamba, milimita 3 au 4. Kwa unene huo haifichi kitu. Shimo dogo kwenye keki litaonekana, tone la krimu litaonekana, alama ya kidole itaonekana tena itaonekana vizuri zaidi taa za mpiga picha zikiwashwa. Wanaodhani fondanti ni blanketi la kusitiri keki mbovu hununua kilo mbili badala ya moja, wanaisukuma nene, na wageni wanaimenya wakaiacha kwenye sahani.

Keki ya kuchonga iwe nzito. Ile nyepesi yenye hewa nyingi ni tamu, lakini kisu kikipita inabomoka, na uzito wa fondanti unaikalia. Ile ya zamani ya vipimo sawa, siagi, sukari, mayai na unga uzito mmoja, ndiyo inayostahimili. Kumbuka pia tuko juu. Machakos mjini iko mita 1,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa nyuzi 95 au karibu na hapo badala ya 100. Hewa ikiwa nyepesi hivyo, keki inafura upesi kuliko ilivyoandikwa kwenye mapishi ya watu wa pwani au wa London, kisha inadidimia katikati. Punguza hamira ya unga kidogo.

Na jiko? Wengi wetu hatuna ovena ya umeme, na wenye nayo wanajua umeme unavyopotea saa mbaya. Waokaji wa huku wanaoka kwa sufuria kubwa juu ya makaa: mchanga chini, kile kichuma cha kuinulia juu ya mchanga, chombo cha keki ndani, kifuniko, na makaa kidogo juu ya kifuniko. Mchanga husambaza joto lisiunguze kitako, na mchanga Machakos haujawahi kukosa, kama malori yanavyoshuhudia. Kwa tumbo la kibuyu, oka kwenye mabakuli mawili ya chuma ya kipimo kimoja. Ukiyakutanisha unapata mviringo ambao hauhitaji kuchongwa sana. Watu wengi waliojifunza kuoka nyumbani mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona na kazi zikapungua, walijifunzia sufuria hiyo hiyo, na baadhi yao leo hawashikiki.

Keki ipoe kabisa, ilale kwenye friji hadi iwe ngumu, ndipo uchonge kwa kisu cha mkate chenye meno, ukikata kidogo kidogo. Ukambani hatukosi mikono ya kuchonga. Kule Wamunyu, ndani ya kaunti hii hii, uchongaji wa vinyago ulianza na Mutisya Munge baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa ufundi aliouona Tanganyika, na hadi leo mchongaji wa Wamunyu atakuambia kwamba shoka humaliza kazi yake mapema, ni msasa unaokula siku. Keki nayo ina msasa wake, na msasa huo ni ganashi: chokoleti iliyoyeyushwa kwenye krimu ya moto ikaachwa igande. Kwa chokoleti nyeusi, sehemu mbili za chokoleti kwa moja ya krimu. Kwa nyeupe, tatu kwa moja, na siku za joto ongeza chokoleti. Asiyeweza bei ya chokoleti atumie krimu ya siagi iliyopigwa ngumu, lakini ajue italegea alasiri kwenye hema la plastiki.

Angalia mikono ya fundi anayejua. Anapaka ganashi mara ya kwanza kunasa makombo, anairudisha keki kwenye friji. Anapaka mara ya pili, nene. Kisha hachukui kisu. Anachukua kipande cha plastiki alichokikata kwenye jalada la faili, kile chepesi kinachokunjika, anakipinda kifuate tumbo la kibuyu na kukiburuta taratibu kutoka bega hadi kitako, anafuta ganashi iliyokusanyika ukingoni, anarudia. Mahali pagumu anachovya plastiki kwenye maji ya moto na kuikausha kwanza. Mwisho anazima taa ya juu, anaweka tochi ya simu ubavuni mwa keki. Mwanga ukipita kando hivyo, kila kibonde kinatoa kivuli, na anajua pa kurudi. Fundi huyu akija kuweka fondanti, nusu ya sifa atakazopewa kesho ameshazipata.

Sasa ngozi. Kwa kibuyu ninawaunga mkono wanaokigawa vipande viwili: tumbo peke yake, shingo peke yake. Shingo haihitaji hata kuwa keki ya kawaida; makombo yaliyobaki kwenye kuchonga yakandwe na ganashi, yafinyangwe kwenye kijiti cha mshikaki, yagandishwe. Shingo hiyo ni bomba tu. Inavishwa kwa utepe, na ukingo unakutana nyuma, ukasuguliwa na kidole chenye mafuta hadi usionekane.

Tumbo ndilo lenye mikunjo, lakini sasa ni mpira tu, halina ile shingo ya kututesa. Pima kwa uzi, kutoka mezani upande mmoja, kupita juu, hadi mezani upande wa pili. Ongeza sentimita 5, na hicho ndicho kipenyo cha fondanti yako. Pangusa ganashi kwa maji kidogo ishike. Nyanyua fondanti kwa kifimbo, ilaze, na uanze juu, ukishuka kwa kiganja. Itafika katikati ya tumbo bila matata. Chini ya katikati, mwili wa kibuyu unarudi ndani na sketi ya fondanti inaanza kujikunja. Hapa ndipo mikono mingi inakosa subira: inaona mkunjo, inaukandamiza. Mkunjo uliokandamizwa hauondoki tena, umekuwa kovu. Ushike kwa chini, uvute nje polepole ufunguke, kisha upeleke kiganja kutoka juu kikiisukuma fondanti iingie ndani, kidogo hapa, kidogo upande wa pili, ukizunguka. Unaigawa ziada kwenye mzingo wote ili pasiwe na mahali pamoja panapobeba mzigo wa pengine. Kipovu cha hewa kikitokea, kitobolewe kwa pini iliyolala, si iliyosimama, na hewa isuguliwe ielekee tundu.

Bado chini kabisa itabaki mikunjo. Iache. Ndiyo, nimesema iache, kisha kata kwa kisu na ukizungushie kibuyu ngata. Kibuyu chenye kitako cha mviringo nyumbani hakisimami wima kikiwa peke yake. Huwekewa ngata ndipo kitulie. Sokota kamba nne au tano nene za fondanti ya kahawia, zizungushe chini ya tumbo, na mikunjo yote imelala humo. Na ule mpaka wa shingo na tumbo? Hapo ndipo wanapofunga ushanga. Mshono mmoja uko chini ya ushanga, mwingine uko ndani ya ngata. Umeona? Hatukudanganya mtu. Tumeweka mishono pale ambapo kitete chenyewe kimefungwa na kukalishwa tangu enzi za nyanya zetu.

Kanuni hiyo naiona inafaa kwa karibu kila umbo la ajabu ambalo mteja atakuja nalo. Kiatu kina mshono kati ya soli na ngozi. Weka wako hapo. Begi lina mishono kila kona. Gari lina milango na boneti, na kila mstari wa mlango ni mahali halali pa kuunganishia. Kitabu kina mgongo. Hata moyo, ambao hauna mshono, una lile bonde la juu, na siri yake ni kuanza bondeni: fondanti ikandamizwe pale kwanza, kisha ielekezwe kwenye mashavu, kwa maana ukianza na mashavu, bondeni itaning'inia na kupasuka. Bonde kwanza, mlima baadaye, kwa keki yoyote. Na tarakimu, kwa wale wa kusherehekea miaka 50 au 80? Usifunike sifuri kwa karatasi moja ukaanza kukata tundu katikati. Funga tepe ubavuni, ndani na nje, kisha uweke kifuniko kilichokatwa kwa kipimo. Utapata kona kali na hutatoa jasho.

Kyondo nimekiweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu hapo naona waokaji wengi wanapoteza nafasi. Wanasukuma karatasi, wanaizungusha, wanaigonga kwa uma ipate vialama, wanaita kyondo. Ukiwa mbali inapita. Ukisogea, mama yeyote wa Kalama aliyewahi kusokota mkonge pajani atacheka. Msusi wa kyondo huanzia katikati ya kitako, nyuzi zikitoka kama miale, na kitako kinapotanuka anaongeza nyuzi mpya kati ya zile za kwanza. Kinapofika upana anaoutaka, anaacha kuongeza, na ubavu unapanda. Umbo lote la kyondo linaamuliwa na mahali nyuzi zinapoongezwa na mahali zinapoachwa. Yeye hajawahi kupata mkunjo, kwa sababu hakuwahi kuanza na kitu bapa.

Basi tumwige. Achana na karatasi, sokota kamba za fondanti na kuzizungusha kuanzia chini kwenda juu, ukibadilisha rangi mstari ufikapo. Nakuonya kuhusu hesabu yake: kyondo cha keki chenye kipenyo cha sentimita 20 na kimo cha 15, kwa kamba za nusu sentimita, kitahitaji mizunguko 30, yaani karibu mita 19 za kamba. Ni kazi ya jioni nzima na mgongo utalalamika. Lakini hakuna umbo linaloishinda njia hii, liwe linapinda nje au ndani, na kamba ikikatika unaunganisha na hakuna atakayejua. Mkanda wa begani utengenezwe siku mbili tatu mapema, kwa fondanti yenye CMC, ukaushwe juu ya kitu kilichopinda kama unavyotaka ukae.

Hali ya hewa yetu ina neno lake pia. Fundi wa Mombasa hulia kwamba fondanti inatoa jasho, inang'aa, inateleza, kwa kuwa sukari inavuta unyevu wa bahari. Huku kwetu tunalia kinyume. Agosti, mwezi wa harusi, ni mkavu na una upepo, na fondanti ikikaa mezani dakika chache juu yake panakauka, na ukiinyanyua inapasuka vimistari vidogo ambavyo mafundi huviita ngozi ya ndovu. Dawa ni kufanya kazi upesi, dirisha likiwa limefungwa, mafuta ya kuganda kidogo kwenye viganja, na fondanti ambayo hujaifikia ikae ndani ya kopo. Zamani tuliifunga kwa mfuko wa plastiki wa dukani, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kusema kweli kopo lenye kifuniko linashinda. Vimistari vikitokea, vipanguse kwa mafuta kwa mzunguko. Na keki iliyokwisha kuvishwa usiirudishe kwenye friji kisha ukaitoa kwenye joto la mchana, italowa.

Sasa pesa, kwa sababu naona ujumbe umeanza kuingia. Biashara ya keki Kenya inaenda kwa kilo, na kilo ndiyo inayowaumiza wachongaji. Nimesikia mazungumzo haya zaidi ya mara moja.

"Mwanangu, kilo mbili si kilo mbili? Ya duara umenipa bei nzuri, hii ya kitete mbona imeruka?"

"Mama, ili nipate kitete cha kilo mbili naoka karibu tatu. Kile ninachokata hukioni."

"Na hicho unachokata kinaenda wapi?"

"Kingine kimekuwa shingo, mama. Kingine watoto wamekula."

Mama ana haki ya kuuliza, na fundi ana haki ya kujibu hivyo. Ushauri wangu kwa mafundi: achaneni na kilo kwa keki za kuchonga. Toeni bei ya umbo, semeni saa za kazi, na mwambieni mteja mapema kwamba hicho kitete si cha kulisha wageni 300. Hicho ni cha meza ya heshima. Wageni waokewe keki za mraba zisizo na pambo, zikatwe nyuma ya hema na kupitishwa kwa trei. Zinaliwa vizuri zaidi, tena wale wasiopenda fondanti, na mimi nikiwemo, hawana cha kumenya.

Limebaki la usafiri. Keki ya kibuyu isipande boda boda, hata mwendeshaji aape kwa jina la mama yake. Barabara za kuingia vijijini huku ni za vilima na kokoto. Tumbo lisafiri ndani ya kisanduku kilichotandikwa kitu kisichoteleza, lilazwe sakafuni mwa gari wala si kwenye kiti, kwa maana kiti kimeinama. Shingo isafiri kivyake. Fundi aje na fondanti ya akiba ya rangi ile ile, ushanga, mafuta, na vijiti, akaunganishe hapo hapo mezani saa moja kabla wageni hawajakaa.

Na wakati wa kukata, mshereheshaji asiwaache wale wawili wahangaike na shingo mbele ya watu. Kisu kiingie ubavuni mwa tumbo, juu kidogo ya ngata, ambako hakuna kijiti. Fundi akiwa bado yupo, amwonyeshe shangazi yule mkali vijiti viko vingapi na viko wapi, kisha shangazi avihesabu vikitoka, kabla kipande chochote hakijafika kwenye sahani ya mtoto.